Njoo na Fundi Wako

Tangazo lilikuwa na picha saba na maneno machache. Land Rover 110, mwaka 1995, injini ya dizeli, 4WD inafanya kazi, halidaiwi, kadi ipo, milioni 16, maongezi kidogo yapo. Na mwisho kabisa, kama amina baada ya sala: njoo na fundi wako.

Yeyote aliyewahi kutafuta gari la mkononi mtandaoni hapa Tanzania anaijua sentensi hiyo. Iko Instagram, iko kwenye makundi ya WhatsApp, iko kwenye kurasa za madalali. Mimi niliisoma kama dalili ya uaminifu. Mtu anayekuita uje na fundi ana nini cha kuficha? Imenichukua karibu miaka miwili kuona kwamba inaweza kusomwa vingine, na kwamba swali lililo ndani yake ni kubwa kuliko gari: anayeijua kasoro ya kitu anachokiuza anawiwa nini na asiyeijua?

Ninaishi Izigo, wilaya ya Muleba. Ukipita hapa kwenye lami ya Bukoba kwenda Muleba huwezi kuelewa kwa nini mtu atake gari la namna ile. Iache lami, panda vijijini wakati wa mvua, utaelewa. Udongo unageuka sabuni. Mgonjwa anashushwa kwa bodaboda, kabanwa katikati ya dereva na ndugu anayemshikilia asidondoke. Mikungu ya ndizi inashuka kwa baiskeli, na mchuuzi akishajua huna usafiri anakupangia bei anayotaka. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: siku za kawaida nibebe ndizi na kahawa za watu, dharura ikitokea nibebe mgonjwa, mwisho wa wiki harusi na misiba.

Milioni 9 zilikuwa akiba yangu ya ualimu. Milioni 7 zilikuwa za baba mdogo, kahawa ya misimu mitatu. Aliponikabidhi alisema neno moja tu: "Mwanangu, utakuwa unaendesha mibuni yangu."

Gari lilikuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka hapa. Hatari nilizijua, maana kila mtu ana hadithi yake: aliyetuma malipo ya awali na namba ikazimwa, aliyenunua gari la wizi, aliyepewa kadi yenye jina la marehemu, aliyerithi deni la faini za barabarani. Nikajipanga. Rafiki yangu aliyeko Dar alikwenda kulinganisha namba ya chesisi na ile ya kadi. Niliangalia faini kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani. Hakukuwa na kitu. Mkataba uliandikwa mbele ya wakili, pesa ikalipwa benki ana kwa ana. Nilijilinda vizuri sana dhidi ya mwizi. Sikujilinda dhidi ya mtu mwenye gari lake halali.

Rafiki yangu ni mhasibu. Aliniambia wazi, "Mimi najua makaratasi, chini ya gari sijui kitu. Tumlipe fundi elfu themanini aje alale chini." Nikamjibu kwamba muda hautoshi, kuna mteja mwingine anakuja kesho. Mteja huyo nilikuwa nimeambiwa na muuzaji.

Gari lilifika Izigo jioni moja ya Juni na watoto wakalikimbilia. Kwa miezi saba lilifanya kila nililolitarajia. Usiku mmoja wa Novemba tulimshusha mama mjamzito hadi hospitali, mvua ikipiga, gari likishuka mteremko polepole kama mtu mzima anayeshika ukuta. Alijifungua salama. Siku ile niliona kila shilingi imerudi.

Mwezi wa pili nikalipeleka gereji Bukoba kwa sababu lilikuwa linavuta upande mmoja. Fundi akaingia chini na nyundo ndogo. Nikawa nasikia anagonga: sauti kali, sauti kali, sauti kali, halafu ikaja sauti butu, kama ya kugonga boga. Akaomba bisibisi. Akaniita nilale chini nione mwenyewe. Bisibisi ilizama ndani ya chesisi hadi kwenye mpini.

"Mwalimu," akasema, "hili limepakwa poda."

Kisha akanieleza. Bodi ya Land Rover hizi sehemu kubwa ni alumini. Gari la kwanza lilipotoka mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza baada ya vita, ndiyo maana wakatumia aloi ya alumini, na wakaendelea nayo. Alumini hailiwi na kutu kama chuma. Lakini chesisi ni chuma, tena ina uwazi ndani kama bomba la pembe nne. Maji, tope na chumvi ya pwani vikiingia humo vinakaa. Kwa hiyo gari la miaka thelathini linaweza kupendeza kila upande unaoweza kupigwa picha huku uti wa mgongo wake ukiliwa kutoka ndani. Hapa walioviona viraka walivichomelea kwa bati, wakaziba kwa puti, wakapaka rangi nzito nyeusi juu. Karibu na pale ekseli ya nyuma inaposhikwa kulikuwa na ufa wa urefu wa kidole.

Nilimkumbuka yule mama. Nilikuwa nimemshusha mlimani juu ya ufa huo.

Nilimpigia muuzaji. Sikutegemea apokee, lakini alipokea, na wala hakugombana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole, "Lakini kaka, si nilikuambia uje na fundi wako?"

Kilichonikera ni kwamba sikuwa na jibu. Hakunidanganya hata kwa neno moja. Mwaka ulikuwa 1995 kweli, 4WD ilifanya kazi kweli, kadi ilikuwepo. Chesisi haikutajwa kwenye tangazo, nami sikuiulizia.

Sheria haikunipa faraja kubwa. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ina asili yake katika sheria ya Waingereza ya mwaka 1893, na ndani yake mna wazo hili: mnunuzi akishaikagua bidhaa, hawezi kulalamikia kasoro ambazo ukaguzi ule ulipaswa kuzifichua. Ukilisoma hilo, maneno "njoo na fundi wako" hayafanani tena na ukarimu. Ukija na fundi na asione, shauri lako. Usipokuja, shauri lako pia.

Mjadala huu ni wa zamani kuliko magari. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero aliandika kuhusu mfanyabiashara aliyepeleka nafaka kutoka Alexandria kwenda kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Anajua kuwa meli nyingine zimejaa nafaka na ziko njiani. Watu wa Rhodes hawajui. Je, awaambie, bei ishuke, au anyamaze auze ghali? Cicero anawapambanisha wanafalsafa wawili. Diogenes wa Babeli anasema muuzaji ataje kasoro ambazo sheria inamtaka azitaje, asidanganye, basi. Kunyamaza si kuficha. Mwanafunzi wake Antipater anakataa: wanadamu ni jamaa moja, na ukijua jambo linalomhusu mwenzako, huna haki ya kumnyima kwa faida yako. Cicero anamalizia upande wa Antipater.

Mwaka 1970 mchumi George Akerlof alilitazama jambo hilohilo kupitia soko la magari yaliyotumika. Muuzaji anajua gari lake, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi hakubali kulipa zaidi ya bei ya gari la wastani. Mwenye gari zuri akiona bei hiyo analirudisha nyumbani. Yanayobaki sokoni ni mabovu, bei inashuka zaidi, na wazuri waliobaki nao wanaondoka. Kwa hiyo ukimya wa muuzaji mmoja haumwumizi mnunuzi mmoja tu. Unamwadhibu hata yule muuzaji mkweli ambaye hutakutana naye kamwe.

Haya yote yalinipendeza sana nikiwa upande wa aliyeumizwa. Ikaja zamu yangu ya kuuza.

Kubadilisha chesisi kulihitaji pesa ambayo sikuwa nayo. Kuchomelea tena fundi alikataa. Alisema hataki kuja kusikia kwenye redio. Baba mdogo alikuwa anasubiri milioni zake, paa la nyumba yake likivuja. Nikaliosha gari. Nikalipiga picha asubuhi, jua likiwa bado la upande, migomba ikiwa nyuma yake. Nikaandika mwaka, injini, kadi ipo. Vidole vyangu vikaandika vyenyewe: njoo na fundi wako. Nikabonyeza.

Siku ya tatu alipiga kijana wa Ngara. Huko nako ni milima. Alikuwa anataka gari la kushushia mazao na watu wa kijijini kwao, na fedha ilikuwa ya kikundi cha watu sita. Aliuliza kuhusu matairi, akauliza kuhusu injini. Chesisi hakuiulizia. "Kufika Izigo sitaweza," akasema, "ila wewe ni mwalimu, nakuamini." Nikamwambia nitampigia jioni.

Mchana nilikwenda kwa baba mdogo. Nilimkuta kibanjani anapogolea mibuni. Nilipomweleza, hakutua kisu.

"Ng'ombe akipelekwa mnadani," akasema, "mwenye ng'ombe anatangaza magonjwa yake? Anayenunua ana macho."

"Huyu hana macho, Baba. Yuko Ngara."

"Basi aje."

"Na mimi sikwenda Dar."

Akanyamaza kidogo. Kisha nikamkumbusha jambo alilonisimulia yeye mwenyewe nilipokuwa mdogo, kwamba zamani Mhaya akitaka kumwamini mtu asiye ndugu yake, walikula omukago. Tunda moja la kahawa lina punje mbili. Kila mmoja alichukua punje yake ikiwa na damu ya mwenzake, akaimeza. Toka hapo kumsaliti mwenzako kulikuwa kujitakia balaa.

"Nakumbuka," akasema. "Na wewe na huyo wa Ngara mmekula nini?"

Nilirudi nyumbani na swali hilo, na bado naliona ndilo zito kuliko yote. Wazee wetu walijua kuwa ukweli una gharama, ndiyo maana waliuwekea mipaka na viapo. Sisi tunauziana kila siku na watu ambao hatujala nao chochote, sura zao ni picha ndogo ya duara kwenye simu. Kama ukweli ni wa ndugu tu, basi muuzaji wa Dar alikuwa sahihi, maana kwake nilikuwa mtu baki. Siwezi kumlaumu yeye na kumnyamazia kijana wa Ngara.

Na lipo jingine nililolikwepa muda mrefu. Ile elfu themanini ya fundi niliikataa kwa sababu niliogopa jibu. Nilikuwa nimeshalipenda gari. Mnunuzi naye huwa anafunga macho, na muuzaji mzoefu anajua hivyo. "Njoo na fundi wako" anamwambia mtu anayemwona kabisa kuwa hatakuja na fundi. Kosa langu ni la kweli. Lakini uvivu wangu wa kuuliza haukumfanya yeye asijue. Ufa aliujua yeye, mimi sikuujua. Mzigo wa kusema una mwenyewe, naye ni anayejua. Kumwalika mwenzako aje autafute mwenyewe hakuupunguzi hata kilo moja.

Ugumu ni kwamba ukweli wangu ulikuwa unalipiwa na mtu mwingine. Ni rahisi kuwa mkweli kwa fedha yako. Hii ilikuwa mibuni ya baba mdogo.

Jioni nilimpigia kijana nikamweleza kila kitu, bisibisi, puti, ufa. Nikamtumia picha za chini. Simu ilikaa kimya kiasi kwamba nilidhani imekatika. Kisha akasema, "Asante, Mwalimu," akakata.

Gari liliuzwa vipande. Injini ilikwenda kwa mtu wa Biharamulo, gia boksi na milango kwa fundi mmoja wa Bukoba. Jumla ilikuwa milioni 6 na laki 4, zote nikampa baba mdogo. Laki sita zilizobaki nimekuwa nikimlipa elfu hamsini kila mwisho wa mwezi. Anazipokea, anazihesabu mbele yangu, na hajawahi kuniambia kama nilifanya vizuri.

Wiki tatu baada ya simu ile kijana wa Ngara alinitumia tangazo jingine. Gari la kijivu, picha nane, liko Mwanza, maneno yaleyale mwishoni. Chini yake akaandika: "Mwalimu, unalionaje hili?"

Nilimjibu kwamba kwa picha hizo silioni. Akamtafute mtu wa kulala chini na nyundo, na mimi nitakaa kwenye simu nisikilize.