Je, Hatia Hurithiwa?

Ukifika Kisongo na vijiji vingine vinavyouzunguka Mlima Meru, utawaona watu wengi wenye meno ya rangi ya kahawia. Mgeni asiyejua hudhani kwamba hiyo ni alama ya ukoo, itokayo kwa babu hadi kwa mjukuu. Sivyo. Sababu yake ni maji. Maji yapitayo katika miamba ya volkano huchukua madini ya floridi, na mahali pengi hupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto ayanywaye wakati meno yake yangali yakijengeka ndani ya ufizi hupata doa lisilofutika. Lakini ndugu yake akilelewa penye maji mazuri, meno yake huwa meupe. Basi si kila kinachofanana katika nyumba moja ni urithi.

Sasa tutazame jambo ambalo kweli ni urithi. Mtoto mwenye ualbino huweza kuzaliwa na wazazi wasio nao. Kila mtu hupokea chembe za urithi jozi jozi, moja kwa baba na moja kwa mama. Hapo kale badiliko lilitokea katika chembe ya rangi ya ngozi, likapita kwa siri kizazi baada ya kizazi, kwa maana mwenye chembe moja iliyobadilika haonyeshi dalili. Wakioana wawili wa namna hiyo, katika kila mimba uwezekano wa mtoto kupata zote mbili ni robo moja. Kwa hiyo mume amfukuzaye mkewe kwa kumzalia mtoto wa namna hiyo anafanya dhuluma. Yeye mwenyewe ametoa nusu ya sababu.

Je, ni nani basi mwenye hatia? Hakuna. Hatia huhitaji nia, wala hakuna aliyezichagua chembe zake. Wenye hatia ni wale waliowaua watu wenye ualbino nchini Tanzania katika miaka ya 2000 kwa tamaa ya utajiri.

Huenda mtu akasema: “Ikiwa hakuna hatia, hakuna na wajibu.” La hasha! Maji yaweza kubadilishwa, basi tuwatafutie watoto wachanga maji mazuri. Chembe hatuwezi kuibadilisha, lakini jua laweza kukingwa kwa kofia pana na mikono mirefu, na mtoto asiyeona vizuri aweza kuketishwa mbele darasani.

Tulichozaliwa nacho hatutaulizwa. Tulichokijua, kisha tusikitende, tutaulizwa.