Kuzika na Kuchoma Maiti: Neno kwa Sharika za Bonde la Kilombero

Swali hili zamani halikuwako kwetu. Mtu akifa Malinyi, au Itete, au Mtimbira, vijana hushika majembe, wanawake huketi na wafiwa, na shimo huchimbwa mahali palipoinuka ili maji ya masika yasilifikie. Hakuna aliyeuliza kama iko njia nyingine. Lakini miaka hii swali limekuja, nalo limeletwa na watoto wetu walio mbali. Kijana amekwenda Ulaya au Marekani kutafuta kazi, amefia huko. Kuisafirisha maiti yake ni mamilioni mengi ya shilingi, na wenzake hawana. Basi wanatuma neno: Je, tumchome kama wanavyofanya wenyeji wa hapa, tukawaletee majivu? Hapo baba yake amwendea mwinjilisti na kumwuliza mambo mawili. Mwanangu akichomwa, atafufuka? Tena, mtakuja kumwimbia? Swali la kwanza ni la imani, la pili ni la upendo. Twaona ya kuwa watu wengi hujibu lile la kwanza kwa maneno mengi, wakalisahau la pili.

Tuanze na Maandiko. Kila asomaye Biblia ataona ya kuwa watu wa Mungu walizikwa. Ibrahimu, aliyekuwa mgeni asiye na shamba hata moja katika Kanaani, alinunua pango la Makpela kwa shekeli 400 za fedha apate mahali pa kumlaza Sara. Yusufu aliwaapisha ndugu zake waichukue mifupa yake siku watakapotoka Misri. Na Bwana wetu mwenyewe aliwekwa kaburini na Yusufu wa Arimathaya, amefungwa sanda. Kwa hiyo desturi yetu ina mizizi. Lakini desturi si amri, na amri ya kukataza moto hatuioni. Nabii Amosi aliwalaumu watu wa Moabu kwa kuwa waliichoma mifupa ya mfalme wa Edomu hata ikawa chokaa, lakini kosa lao lilikuwa chuki isiyomwacha adui hata akiisha kufa. Kinyume chake, wanaume wa Yabesh-Gileadi walitembea usiku kucha, wakauondoa mwili wa Sauli na miili ya wanawe ukutani, wakaichoma, wakaizika mifupa chini ya mti, wakafunga siku saba. Hawa walichoma kwa heshima, wala Maandiko hayawalaumu, Daudi aliwabariki. Moto ni mmoja, mioyo ni miwili.

Wakristo wa kwanza wa Roma waliishi kati ya watu waliochoma maiti zao. Wao wenyewe walichimba mapango marefu chini ya ardhi wakazika humo, na mahali pa kuzikia wakapaita mahali pa kulala. Minucius Felix, Mkristo wa zamani zile, aliposhambuliwa na wapagani juu ya jambo hili, alijibu ya kuwa Wakristo hawaogopi hasara yo yote kwa namna ya mazishi, ila wanaifuata desturi ya zamani kwa kuwa ni bora. Sisi twalipenda jibu hilo. Halina hofu, wala halina dharau.

Mwaka 177, katika mji wa Lyon wa Ufaransa, adui za Kanisa waliichoma miili ya wafia dini, wakayatupa majivu katika mto Rhône, wakidhani wamewanyang'anya tumaini la kufufuka. Walidhani Mungu aliyemwumba mtu kwa mavumbi atashindwa na majivu! Nasi wa Afrika ya Mashariki hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Tarehe 3 Juni 1886, pale Namugongo katika Buganda, Karoli Lwanga na wenziwe, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga. Ni mwinjilisti gani atakayesimama mbele ya watu aseme ya kuwa hao hawatafufuka kwa kuwa miili yao haikulazwa mzima kaburini? Tena tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika ziwa Victoria, na wengi waliokuwamo hawakuonekana tena. Na katika mkoa wetu huu wa Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu na kuwaka moto, watu zaidi ya 100 wakafa, na wengine wao hata mama zao hawakuweza kuwatambua kwa sura. Sisi tukaao kando ya Kilombero na Furua twajua tena habari za mamba. Basi anayesema ufufuo wataka mwili uliozikwa mzima, amewafungia mlango watu hao wote. Na huyo aliyezikwa katika sanduku la mninga, naye miaka michache ikipita amekuwa udongo. Mchwa na mizizi hufanya polepole kazi ileile ambayo tanuru huimaliza kwa saa mbili. Mtume Paulo, katika sura ya 15 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho, asema habari za mbegu, na mkulima wa mpunga ajua ya kuwa hairudii kuona shambani ile punje aliyoitupa.

Mtu atauliza, Kama ni hivyo, mbona Kanisa lilikataa muda mrefu? Kwa sababu mara nyingi moto ulikuwa na neno lake. Karoli Mkuu, alipowashinda Wasaksoni katika karne ya nane, aliweka hukumu ya kifo juu ya ye yote atakayechoma maiti kwa desturi ya kipagani. (Hukumu hiyo hatuisifu, aliyewabatiza watu kwa upanga hakuwapa Injili.) Baadaye, katika karne ya 19, watu walianza tena kujenga matanuru katika Ulaya, katika Ujerumani lile la kwanza lilijengwa Gotha mwaka 1878. Wengine walilitetea kwa ajili ya usafi wa miji, lakini wengine kwa kusudi la kuonyesha ya kuwa mtu akifa amekwisha. Kanisa la Roma likakataza mwaka 1886, likalegeza mwaka 1963, na mwaka 2016 likaeleza ya kuwa majivu yasitawanywe wala yasikae nyumbani. Makanisa ya Kilutheri ya Ulaya nayo yalisitasita, kisha yakaruhusu. Leo katika Sweden, nchi yenye Walutheri wengi, zaidi ya wanane kwa kila kumi wanaokufa huchomwa. Sisi Walutheri tunayo kanuni ya kutusaidia hapa. Kanuni ya Mapatano ya mwaka 1577, katika kifungu chake cha kumi, yafundisha ya kuwa yako mambo ambayo Mungu hakuyaamuru wala hakuyakataza, na katika hayo Kanisa lina uhuru. Lakini jambo hilohilo likitumiwa kuikana imani, uhuru huo hauko tena. Basi ye yote achomwaye ili aseme hakuna ufufuo, amesema neno baya. Achomwaye kwa kuwa hapana fedha ya ndege, hakusema neno lo lote.

Tuwatazame sasa jirani zetu wa Kenya, maana wao walitangulia. Wakikuyu wa zamani hawakuwazika watu wengi. Maiti ziliwekwa porini, na wachache tu, wazee wenye mali na wana, ndio waliochimbiwa kaburi. Waliojifunza kuzika kila mtu walijifunza kwa wamisionari na serikali. Hata hivyo alikuwa Mkikuyu, tena Askofu Mkuu mstaafu wa Kanisa la Anglikana, Manasses Kuria, aliyechomwa Nairobi mwaka 2005, baada ya mkewe kuchomwa mwaka 2002. Na Wakristo wengi walifadhaika. Profesa Wangari Maathai, aliyepewa tuzo ya Nobel ya amani, alifariki mwaka 2011. Kwa kuwa maisha yake yote aliitetea miti, hakutaka jeneza la mbao. Alichukuliwa katika jeneza la mianzi, mafunjo na magugu-maji, akachomwa Kariokor. Mwaka 2019 mbunge wa Kibra, Ken Okoth, naye alichomwa, na wengi wa watu wake wakanung'unika kwa kuwa hawakupata kaburi la kusimama karibu nalo.

Manung'uniko hayo tusiyadharau. Watu wetu wakisikia maiti kuchomwa, huwaza Jehanamu, au huwaza mwizi aliyevishwa tairi sokoni. Moto kwao ni hukumu na aibu. Mwinjilisti asicheke hofu hiyo, bali aifundishe. Lakini iko sababu nyingine iliyo bora, nayo ndiyo itufanyayo tuseme wazi ya kuwa hapa kwetu twazidi kuzika. Kaburi huchimbwa na jirani. Yule aliyekosana na marehemu juu ya mpaka wa shamba naye hushika jembe zamu yake ikifika. Hapo mji hupatana. Tanuru halitaki jirani; lataka karani na malipo. Tena ardhi ya kuzikia hatujaikosa kama miji mikubwa, na kuchoma kwa kuni hula kuni mamia ya kilo kwa maiti mmoja, hali misitu yetu yapungua. Kuzika nako kuna hatari zake: wazee wetu wa Ulanga walitambika makaburini kwa unga na pombe, na Mkristo aweza kurudi huko akiliogopa kaburi kuliko anavyomcha Mungu. Na jeneza la fahari lililonunuliwa kwa deni huwaacha yatima na njaa. Hilo ni baya kuliko majivu.

Sasa swali la pili. Nani aamuaye? Kenya waliona mwaka 1987 jinsi mwili wa wakili S. M. Otieno ulivyokaa miezi mitano bila kuzikwa, mjane na ukoo wakishindana mahakamani, na hayo yalikuwa juu ya mahali tu, wala si juu ya moto. Kwa hiyo twashauri kila Mkristo akaaye mbali aandike mapenzi yake, ayapeleke kwa wazazi wake na kwa mchungaji wake angali hai. Mtu asichomwe kwa kuwa ni rahisi kwa wengine, kama yeye alitaka kuzikwa na njia ya kumzika iko. Hata makaburi ya ugenini ni udongo wa Mungu. Lakini akiisha kuchomwa, usharika usimwulize mama maswali ya kumhukumu. Yeye ameletewa kijisanduku cha kilo mbili tatu badala ya mwana. Mzigo huo unatosha.

Usharika na uende, basi, wote kama siku nyingine, kengele ipigwe, wazee wa kanisa watangulie. Ibada ni ileile. Majivu yasigawanywe kwa ndugu, wala yasimwagwe mtoni, wala yasiwekwe juu ya kabati. Yaingizwe ardhini yote pamoja. Shimo lichimbwe, hata kama laweza kuwa dogo, nao vijana wapokezane jembe. Mahali pawe pa juu, maana maji ya Aprili hayachagui, na pasimikwe msalaba wenye jina lake na miaka yake, wa kimo kilekile cha misalaba ya jirani zake.