Kinyonga Amelala

Kazi yangu ni kuongoza wageni msituni hapa Bulwa, Usambara Mashariki, na nusu ya kazi hiyo ni majina. Usiku tunamulika vinyonga kwa tochi wakiwa wamelala juu ya vijiti. Mgeni anauliza: huyu anaitwaje? Nalitaja jina la Kilatini, naye analiandika daftarini kana kwamba sasa amempata mnyama mwenyewe.

John Wilkins, kasisi wa Kiingereza, aliamini jina linaweza kufanya hivyo kweli. Mwaka 1668, mwaka uleule aliofanywa askofu wa Chester, alitoa kitabu kinene cha lugha aliyoibuni. Moto mkubwa wa London wa 1666 ulikuwa umeteketeza sehemu kubwa ya nakala zilizokwishachapwa, lakini hakukata tamaa. Aliugawa ulimwengu wote katika mafungu makuu 40, akayagawa tena na tena, kila hatua akaipa sauti yake. "De" ni fungu la moto, hewa, maji na ardhi. "Deb" ni moto. "Deba" ni mwali. Ukilisikia neno, umeshajua kitu hicho kimewekwa wapi. Alitumaini hata ugomvi wa dini ungepungua, maana kosa lisingepata maneno ya kujifichia. Hapo simfuati. Nimeona watu wakigombania mpaka wa shamba huku kila mmoja akimwelewa mwenzake barabara.

Hata hivyo ndoto yake naiheshimu. Sisi Waislamu tunasoma katika Surat al-Baqara kwamba Mwenyezi Mungu alimfundisha Adamu majina yote. Jirani zangu Walutheri wanasoma katika Mwanzo kwamba wanyama waliletwa mbele ya Adamu, naye ndiye aliyewapa majina. Naona Wilkins alitaka majina ya namna ile ya kwanza, yaliyofundishwa na Muumba, wakati aliyokuwa nayo mkononi ni ya namna ya pili: majina ya mtu anayetazama na kukisia. John Ray, aliyemtengenezea majedwali ya mimea, alilijua hilo mapema. Alimlalamikia rafiki yake kwamba alilazimishwa kuikunja mimea iingie katika mpango wa Wilkins, badala ya kuifuata ilivyo.

Msitu wetu unampa Ray haki. Kinyonga mmoja mwembamba wa milima hii alipewa jina na mtaalamu Matschie mwaka 1892, Chamaeleo tenuis. Baadaye wataalamu wakamhamishia Bradypodion, na mwaka 2006 wakaunda jenasi mpya, Kinyongia, kutokana na neno letu la Kiswahili. Ua la Saintpaulia nalo, lililopelekwa Ulaya kutoka milima hii, siku hizi linahesabiwa ndani ya Streptocarpus. Kwa Kilatini, tunabadilisha jina tukaendelea na safari. Katika lugha ya Wilkins, kila uhamisho wa namna hiyo ungemaanisha kwamba neno lenyewe lilikuwa likisema uongo miaka yote, katika kila kinywa kilicholitamka.

Kiswahili nacho hupanga vitu kwa mafungu. Kinyonga yumo katika ngeli moja na kiti na kisu. Lakini hatusemi kinyonga kimelala, tunasema amelala. Ndivyo ilivyo kwa kifaru, kipepeo na kiboko. Ndivyo ilivyo pia kwa kiziwi na kipofu, na hapo ndipo ninapoguswa zaidi. Umbo la neno limemweka mtu pamoja na vyombo vya nyumbani, kisha sentensi inamwendea na kumrudisha kwa wenye uhai. Fungu halikufutwa, ila halikuruhusiwa kusema la mwisho juu ya kiumbe. Hakuna askofu wala msomi aliyekaa mezani kuibuni kanuni hiyo. Hapa Bulwa, ambako kazi ya chai imekutanisha watu wa makabila mengi, watoto huishika kabla hawajaanza shule.