Je, Yafaa Kumficha Mgonjwa Dawa Asiyoweza Kuipata?

Mama mmoja wa hapa Chapwa amepindika vidole kwa baridi yabisi, hata mpini wa jembe haushiki. Mwanawe alinisihi nisimweleze habari za sindano zile mpya. "Mwalimu," akasema, "utamtia kiu penye kisima kirefu."

Sindano hizo si uvumi. Mwaka 1992, mjini London, Feldmann na Maini waliwapa wagonjwa dawa iliyofanyizwa na chembe zilizo hai, nayo hukizuia kitu cha mwilini kiwashacho uvimbe viungoni. Na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliandika dawa ya jamaa hiyo katika orodha ya dawa za lazima. Lakini kwa mkulima bei yake ni mlima. Tena yaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini.

Hata hivyo sikukubali kunyamaza. Kumficha mtu mzima habari za mwili wake mwenyewe ni kumfanya mtoto. Nilimwambia yote, pamoja na habari za vidonge vya methotreksati, dawa ya zamani na nafuu, ambayo madaktari wa Ulaya nao huanza nayo.

Akanitazama, akauliza, "Hivyo vidonge, mwanangu alivijua?"