Je, Moyo Mzuri Unatosha Kuwapeleka Watoto Kambini?



Msimu wa makambi ndio huo umefika. Kwa wenzetu wa Ulaya, Julai na Agosti ni majira ya joto, shule zimefungwa na skauti wamebeba mabegi kwenda porini. Huku kwetu likizo ni Juni, mvua zimekatika, nyasi zimekauka, na vikundi vya skauti vya parokia vimeanza kuulizana: mwaka huu tunapiga kambi wapi? Kabla ya kambi linakuja lile suala la viongozi kwenda kozi. Na hapo hakosi mtu wa kusema, tena kwa dhati kabisa: "Jamani, kozi ya nini? Mimi nawapenda hawa watoto, na wao wananipenda. Si inatosha?"

Simcheki anayesema hivyo. Sisi Wakatoliki tumelelewa kuamini kwamba Mungu anatazama moyo. Yule mjane aliyetoa senti zake mbili hakuulizwa cheti. Mitume wenyewe walikuwa wavuvi. Sasa kijana anayeacha mambo yake akae na watoto wa wenzake bila malipo, kwa nini tumwambie bado hajawa tayari?

Hebu turudi kwa Msamaria mwema, Luka sura ya 10. Tunapenda kusema alikuwa na huruma, tunaishia hapo. Lakini soma taratibu uone alichofanya. Alimimina mafuta na divai kwenye majeraha, akayafunga. Zama zile divai ilisafisha kidonda na mafuta yalituliza maumivu. Maana yake mtu huyu alijua kutibu jeraha, na vifaa vya kutibia alikuwa navyo safarini. Kisha akampandisha majeruhi kwenye mnyama wake, akamfikisha penye paa, akaacha fedha, akaahidi kurudi. Huruma yake ilikuwa na mikono inayojua kazi. Mimi huwa najiuliza: kama angekuwa na huruma ileile lakini hajui kufunga kidonda, yule mtu wa njia ya Yeriko angeamka kesho yake?

Swali hilo kwangu si la kitabuni. Nilipokuwa bado skauti mdogo, mwenzetu mmoja alibanwa na pumu saa nane za usiku. Kiongozi wa hema letu alikuwa mtu mwema kupita kiasi, na hilo nasema bila kejeli. Alimlaza chali, akapiga magoti, akaanza Salamu Maria, nasi tukaitikia huku tunatetemeka. Mtoto akazidi kubanwa. Aliyemwokoa ni dada mmoja wa kundi jirani aliyekuwa amefunzwa huduma ya kwanza. Aliingia, akamkalisha wima ameinama kidogo mbele, akamlegeza nguo, akauliza inhela yake iko wapi. Ilikuwa chini kabisa ya begi, maana hakuna aliyekuwa ameuliza kabla ya safari nani ana ugonjwa gani. Dada yule naye alikuwa anasali, midomo yake niliiona. Ila mikono ilikuwa inafanya kazi.

Tangu usiku ule sikubali mtu aniwekee sala upande huu na mafunzo upande ule kana kwamba ni mahasimu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1806, inaiita busara fadhila inayoziongoza fadhila nyingine, na kazi yake ni kuchagua njia sahihi ya kulifikia jema. Upendo unataka mtoto apone. Busara inauliza: akalishwe au alazwe? Jibu la swali hilo halishuki tu kwa sababu wewe ni mtu mzuri, lazima mtu akufundishe.

Skauti wenyewe walilitambua hili mapema. Baden-Powell alifanya kambi yake ya majaribio Agosti 1907 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, akiwa na wavulana kama 20, watoto wa matajiri pamoja na watoto wa wafanyakazi. Harakati ikaenea haraka kuliko alivyotarajia, na makundi yakapata viongozi wa kila namna. Mwaka 1919 ikafunguliwa Gilwell Park, karibu na London, na Septemba hiyo ikafanyika kozi ya kwanza ya viongozi. Waliofuzu walipewa shanga za mti, na desturi hiyo ipo mpaka leo. (Shanga za mwanzo zilitoka kwenye mkufu ambao Baden-Powell alisema aliupata Zululand mwaka 1888, wakati wa vita. Sisi Waafrika tuna haki ya kuuliza uliondokaje mikononi mwa wenyewe.) Mzee huyo alifariki Januari 1941 na kaburi lake liko Nyeri, Kenya.

Kwetu Wakatoliki mtu wa kumfahamu ni Padre Jacques Sevin, Mjesuiti Mfaransa. Wakatoliki wengi wa Ufaransa waliutilia shaka uskauti, wakauona ni jambo la Waprotestanti. Yeye mwaka 1913 akavuka kwenda Uingereza kujionea mwenyewe. Mwaka 1920 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Scouts de France, na kuanzia 1923 akaendesha kambi za kuwafunza viongozi huko Chamarande, kusini mwa Paris. Ninachokipenda kwake ni kwamba hakudhani upadre wake unamtosha, alikwenda Gilwell akakaa kama mwanafunzi. Baadaye, mwaka 1933, aliondolewa katika uongozi wa kile alichokijenga, akanyamaza, akaendelea na utume wake. Alifariki 1951, na mwaka 2012 Kanisa lilimtangaza Mtumishi wa Mungu anayestahili heshima.

Kuna kisa kingine kinachonisumbua, kwa sababu hakikubali kutumiwa kirahisi. Tarehe 4 Agosti 1912, skauti wa Walworth, mtaa wa watu wa kipato cha chini huko London, walikuwa wanakwenda kambi yao ya kiangazi Leysdown kwa mashua. Wakiwa karibu kufika, upepo wa ghafla ukaipindua. Wavulana tisa walikufa maji. Watu wazima waliokuwamo walihangaika majini kuwaokoa. Uchunguzi ulisema ni ajali.

Kwa hiyo nisimdanganye mtu kwamba kozi inafunga upepo. Unaweza kufunzwa, ukajipanga, na bado ukarudi na msiba. Basi faida iko wapi? Kwa maoni yangu iko hapa: mzazi anapokukabidhi mtoto, anakupa kitu ambacho huwezi kumlipa kikipotea. Kuhakikisha hakuna baya litakalotokea hakumo kwenye uwezo wako. Kujua kuogelea, kujua kusoma wingu, kujua namba ya hospitali iliyo karibu, hayo yamo. Ukiyaacha kwa hiari halafu ukasema "nilikuwa na nia njema", hiyo nia ilikuwa njema kwa nani?

Na liko jambo ambalo tunalisema kwa sauti ya chini, afadhali tuliseme wazi. "Huyu ni mtu mzuri, tunamjua" ni maneno yaliyowaponza watoto wengi, hata ndani ya Kanisa letu. Ndiyo maana Papa Fransisko alitoa hati ya Vos estis lux mundi mwaka 2019, yenye taratibu za kutoa taarifa za unyanyasaji. Mafunzo ya viongozi siku hizi yanagusa hayo pia: mtu mzima asijifungie na mtoto peke yao hemani, watu wazima walale mbali na watoto, na mtoto ajue amwambie nani jambo likitokea. Nimesikia viongozi wakinung'unika, "Yaani tunashukiwa?" Kaka, dada, hushukiwi. Kanuni inamlinda mtoto dhidi ya yule mmoja tusiyemjua, na yule mmoja kwa kawaida anapendwa na kila mtu. Mimi kiongozi akikasirishwa sana na kanuni hizo, hapo ndipo ninapoanza kumwangalia.

Kweli, kozi nazo zina ugonjwa wake. Wapo wanaokusanya skafu na vyeti kama vocha, wakirudi hawataki tena kuosha sufuria. Huyo bora angebaki nyumbani. Lakini dawa ya kiburi chake si kuwaacha wengine wasijue kumkalisha mtoto mwenye pumu.

Pingamizi linaloniuma zaidi ni la pesa. Tukisema mafunzo ni haki ya mtoto, basi gharama haiwezi kuwa ya kiongozi peke yake, maana viongozi wetu wengi ni vijana wa kipato cha siku kwa siku. Kwetu yupo fundi cherehani. Wiki moja ya kozi kwake ni wiki bila mteja, na Juni ndipo wazazi wanaleta sare za shule kurekebishwa kabla ya kufungua. Mwaka jana kina mama wa jumuiya ndogondogo moja walimchangia nauli na ada. Mmoja wao, ambaye mjukuu wake ni skauti, alikwenda kukaa kibandani kwake siku zote sita, akipokea nguo na kuandika majina kwenye daftari mpaka aliporudi.