KITAWALA: NENO HILI LINASEMA NINI?



Baada ya ibada, mama mmoja mzee wa hapa Kisangani alinijia na swali. Jirani alikuwa amemtukana mjukuu wake, akimwita uzao wa Kitawala. Kumbe babaye mama huyu alikamatwa zamani za Wabelgiji kwa neno hilo, akapelekwa mbali, wala hakurudi. Mama akaniuliza: «Baba yangu alikosa nini? Neno lenyewe maana yake nini?» Nilifungua kinywa kujibu, nikaona sina jibu.

Basi tulitazame. Sisi tunaosema Kiswahili tunasikia mara moja kutawala. Lakini Kiswahili kina mtawala na utawala. Anayetawala hatumwiti kitawala. Hiyo ki- yafanana zaidi na ile ya kizungu na kikristo, yaani desturi ya watu fulani. Na neno lilitoka kusini, nchi zinazoitwa leo Zambia na Malawi, walikosema Chitawala. Huko Malawi, mwaka 1908, Elliot Kamwana alihubiri mafundisho ya Watch Tower, ndiyo Mnara wa Mlinzi, ya Charles Taze Russell wa Marekani. Hiyo Tower ni mnara. Ndimi zetu ziliifanya tawala. (Mashahidi wa Yehova wenyewe wanasema Kitawala si watu wao.)

Je, wakubwa wa koloni walisikia vibaya tu? Si rahisi hivyo. Neno likihamia nchi nyingine hupata baba wa pili. Mtu aliyechoka kwa kodi, kazi ya nguvu na fimbo alisikia ndani yake kwamba Mungu atatawala na Mzungu atakoma. Mwaka 1944 Bushiri aliwainua watu wa Masisi, na wa Lubutu iliyo kwenye barabara yetu ya Bukavu, damu ikamwagika. Sidhani kama aliwaza mnara. Hivyo neno moja lilibeba mafundisho ya huyu, tumaini la yule, na uasi wa mwingine. Gereza halikuwatenganisha.

Neno kuwa na maana mbili si dhambi. Dhambi naiona pale ninapomchagulia mwenzangu maana, kisha namhukumu kwa hiyo niliyoichagua. Someni Yohana 18. Pilato amwuliza Bwana kama yeye ni mfalme. Bwana hajibu ndiyo wala hapana. Kwanza ataka kujua kama Pilato asema kwa nafsi yake au aliambiwa na wengine. Kwa maana kinywani mwa liwali, mfalme ni adui wa Kaisari, na kinywani mwa Bwana si hivyo. Angejibu upesi, angejibu swali ambalo hakuulizwa.

Nasi tusijivune. Mtu akikataa chanjo, au akihamia msituni na jamaa yake, sisi waumini ndio wa kwanza kusema: huyo ni Kitawala. Nani kati yetu amekwenda kumwuliza?

Nilirudi kwa yule mama. Nikamwuliza: «Mama, baba mwenyewe alijiita nani?» Akafikiri kwa muda mrefu.

«Hakujiita kitu,» akasema. «Jioni alitwaa kiti chake, akatuambia anakwenda kuomba na wenzake. Jina tulilisikia siku ile askari walipokuja.»