Na Aliyeyamimina Yuko Wapi?

Ndugu msomaji, nina swali ambalo limenikwama kooni tangu mwaka 2020. Mtu akijipatia furaha yake ndogo katika siku za taabu, furaha ambayo hakumwibia mtu wala hakumkopa mtu, je, yupo anayemdai? Usiharakishe kujibu. Mimi niliharakisha, nikaaibika mbele ya familia yangu.

Kwanza tuwekane sawa. Sisi Tanzania hatukufungiwa majumbani wakati wa korona kama ndugu zetu wa Uganda na Rwanda. Masoko yalikuwa wazi, na nyumba za ibada zilikuwa wazi. Lakini wanafunzi tulikuwa na kifungo chetu. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, 2020, na kesho yake serikali ikatangaza kufunga shule. Nilikuwa kidato cha nne. Nikafunga tranka langu nikarudi nyumbani Kemambo, wilaya ya Tarime, nikijua ni siku thelathini tu. Kumbe tungerudi darasani Juni 29, siku zaidi ya 100! Katikati ya hapo, Mei 16, Kenya ikafunga mpaka wake na sisi, ikabakiza malori ya mizigo tu. Baba aliyekuwa akihangaikia riziki yake pale Sirari naye akarudi nyumbani. Tukawa wanaume wawili tunaoshinda kivulini. Nakuomba ulikumbuke jambo hilo la kivuli, maana nitalirudia.

Mama alitupiga marufuku kutangatanga. Mwisho wetu ulikuwa pale kwenye mwembe. Basi dunia ikawa kitongoji kimoja.

Wengi wenu mlioko Dar au Mwanza, Kemambo mnaisikia kwa jambo moja tu, dhahabu. Ni kweli, mgodi uko pua na mdomo. Vilima vya mawe yaliyochimbwa vinaonekana kutoka mlangoni, na baruti ikilipuliwa mabati yanatetemeka. Nilikuwa nimekulia humo bila kuona kitu. Nikachukua kaunta buku yangu ya Baiolojia, nikaigeuza kichwa chini miguu juu, nikaanza kuandika kutokea nyuma. Nikajiwekea sheria: kila siku kitu kimoja, na kisiwe mbali zaidi ya hatua mia mbili kutoka nyumbani.

Jamani, nilivyofurahi! Niliandika jinsi kuku wanavyonyamaza kidogo kabla ya mlipuko, kana kwamba wamepewa ratiba. Nilimwandika fundi baiskeli anayepanga spoku zake kwa urefu ndani ya kopo la siagi, na akikuta umezichanganya hasemi na wewe siku nzima. Nilimwandika mama wa vitumbua anayejua mafuta yameiva kwa kusikiliza tu, macho yake yako kwa wateja. Na yule mzee mpiga litungu! Litungu la Kikurya lina nyuzi nane, lakini wake mmoja ulikatika na pesa ya kununua mshipi wa kuvulia ilikuwa haipo. Akaendelea kupiga na saba. Nilipomuuliza, akasema ule wa nane anausikia mwenyewe kichwani, sisi wengine tusubiri. Ukurasa ule niliuandika mara nne. Hadi leo naona ndio uliokaribia kuwa fasihi.

Siku moja jioni nikawasomea nyumbani ukurasa mwingine. Ulihusu alfajiri. Nilieleza mlio wa maji yakimiminwa kwenye pipa nje ya dirisha langu, jinsi sauti inavyoanza nene na kupanda kwa kadiri pipa linavyojaa, nami nimejilaza nikiusikiliza gizani kama muziki. Mama akasema, mwanangu una kipaji. Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mdogo wangu wa kike, ambaye mwaka ule alikuwa darasa la saba, akauliza kwa upole kabisa:

"Kaka, na aliyeyamimina yuko wapi?"

Nikamjibu ati fasihi si rejista ya mahudhurio. Watu wakacheka. Yeye akakusanya vyombo akaenda kuviosha.

Niseme ukweli, usiku ule nilijitetea sana moyoni. Nisingeandika, je, ndoo ingekuwa nyepesi? Hapana. Mimi ndiye niliyeweka kisima mbali? Hapana. Na kununa kwangu kusingempunguzia hata kikombe kimoja. Hoja hizi bado nazikubali. Wale wanaosema ni dhambi kufurahi wakati wenzako wana shida, naona wanatutaka tuwe na huzuni ya maonyesho tu, isiyomsaidia yeyote.

Lakini kuna hesabu niliyoikwepa. Furaha ndogo huitwa ndogo kwa kuwa haili pesa. Kalamu na daftari, basi. Kumbe inakula saa, na saa nazo hutoka mahali. Shule zilipofungwa, mimi na dada yangu tulipewa likizo ileile kwa tangazo lilelile. Mimi nikapata siku nzima nyeupe. Yeye, aliyekuwa na mtihani wa kumaliza darasa la saba mbele yake, akapata ndoo zaidi, maana midomo nyumbani iliongezeka, na mabega ya kiume yalikuwa kivulini. Sikumwibia. Nilipewa. Ila sijawahi kusikia mpokeaji akisamehewa eti kwa sababu alipokea akiwa amelala.

Miaka miwili baadaye, katika maktaba Mwanza, nilikutana na habari za Xavier de Maistre. Huyu alikuwa ofisa wa jeshi. Mwaka 1790 alipigana na mwenzake, akafungiwa chumbani kwake mjini Turin kwa siku 42. Akaandika kitabu kizima cha safari ya kuzunguka chumba hicho, kutoka kitandani hadi kwenye kiti, hadi kwenye picha za ukutani. Kilichapishwa mwaka 1794. Nilicheka kwa raha, nikaona nimepata ndugu. Kisha nikafika kwa Joannetti, mtumishi wake, anayemtengenezea kahawa asubuhi. Nikaacha kucheka. Angalau de Maistre alimtaja kwa jina.

Linganisha na Abdilatif Abdalla, aliyetunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa gerezani Kenya, mengine juu ya karatasi za chooni, hadi yakachapishwa mwaka 1973. Yule hakuwa na wa kumletea kahawa. Si kila aliyefungiwa amefungiwa sawa na mwenzake.

Wiki ile nilichukua ndoo. Mnajua kwetu kijana aliyekwisha tahiriwa kuonekana na ndoo kichwani ni kichekesho. Walinicheka, na maji yalinimwagikia mgongoni hadi nyumbani. Wala usidhani niligeuka malaika. Nilikwenda asubuhi kumi na moja, kisha shule ikafunguliwa.

Lakini njiani nilipata lililonishinda. Dada yangu alikuwa ameyapa majina mawe yote makubwa ya njia ile, kila moja jina la mwalimu, kwa tabia. Tena kwa kutazama matone vumbini alikuwa akijua nani ametangulia: huyu ndoo yake imetoboka kulia, huyu amepumzika hapa, huyu leo ana hasira, matone yameruka mbali. Alikuwa na mchezo wake muda wote huo, bila daftari, na uzito kichwani. Nikatoa kalamu mfukoni haraka.

"Usiandike, kaka," akasema. "Hayo ni yangu."

Sikuandika. Mwaka huu, nilipokuwa nikiandaa makala hii, nimemwomba ruhusa upya. Amenipa hayo mawili uliyoyasoma. Kuna la tatu, la jiwe la mwisho kabla ya kisima, ambalo mimi naliona kuwa bora kuliko yote. Amekataa. Anasema hilo analiandika mwenyewe.